Chuoni Hakuna Kengele: Majibu kwa Barua za Wasomaji

Tangu matokeo ya muhula wa kwanza yaanze kutoka, barua zinazoingia katika safu hii zimekuwa na sauti moja. Wanaoandika ni vijana waliofaulu vizuri kidato cha sita, ambao sasa wanashangaa kwa nini bidii ileile haizai matunda yaleyale. Toleo hili nimelitenga kwa ajili yao. Nimechagua barua nne, na ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kuliko nyingine kwa sababu mengi yaliyomo yanawahusu na wenzake.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa mwaka wa kwanza katika chuo kikuu kimoja mjini Morogoro. Nilisoma shule ya bweni na nikapata Daraja la Kwanza kidato cha sita, wala sikuwahi kujiona mvivu. Matokeo yametoka nikiwa na sapu mbili, yaani mitihani miwili ya kurudia, na kozi nyingine nimevuka kwa C. Wiki mbili kabla ya mitihani nilikuwa nakesha, nikisoma desa zote, yaani nakala za notisi, toka mwanzo hadi mwisho, mara mbili au hata tatu. Lakini nilipofungua karatasi ya maswali niliona mambo ninayoyajua kwa sura tu, siwezi kuyaeleza. Je, akili yangu imepungua, au nimechagua kozi isiyo yangu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Akili yako haijapungua, na juu ya kozi usiamue lolote kwa sasa. Kwanza nataka uitazame upya ile Daraja la Kwanza yako na ujiulize ilipatikanaje. Katika shule ya bweni kengele ilikuamsha alfajiri, kengele ikakuingiza darasani, kengele ikakupeleka prepu jioni, na mwalimu wa zamu akapita dirishani kuhakikisha kwamba umekaa mbele ya daftari. Ulisoma kila siku kwa miaka miwili bila kuamua kila siku kwamba utasoma. Hiyo ilikuwa tabia njema kabisa, ila ilikuwa mali ya shule, na siku ulipofungasha begi na kuondoka uliiacha palepale bwenini. Chuoni hakuna anayegonga kengele. Katika wiki ya kuwapokea wageni mlielezwa habari za usajili, vitambulisho na sheria ndogo za chuo, lakini sidhani kama kuna aliyewaambia kwamba kuanzia siku ile mpangilio mzima wa siku ni kazi yenu wenyewe. Nasikitika kila mwaka ninapoona vijana hodari wakiligundua jambo hili kwenye ubao wa matokeo.

Tuanze na hesabu, kwa maana wengi hawajawahi kuipiga. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja inahesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka wa masomo wa shahada ya kwanza una krediti 120. Hizo ni saa 1,200 kwa mwaka, yaani saa 600 kwa muhula. Ukizigawa kwa wiki 15 za masomo unapata saa 40 kwa wiki, ambazo ni sawa na za mtu aliyeajiriwa. Sasa chukua ratiba yako na uhesabu saa za mihadhara, semina na maabara. Kama ni saa 20, basi zimebaki saa 20 nyingine ambazo hazijaandikwa popote, hazina chumba wala mhadhiri, na chuo kinaamini kwamba unazifanya. Mwanafunzi anayengoja wiki mbili za mwisho anajaribu kulipa deni la muhula mzima kwa usiku wa siku 14, na hakuna mwili unaoweza kulilipa.

Hata hivyo, kuongeza saa peke yake hakutoshi, kwa sababu namna ulivyosoma nayo ina kasoro. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington huko St. Louis, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baadhi ya vifungu wanafunzi walivirudia kuvisoma, na vingine walivisoma mara moja kisha wakaandika walichokumbuka bila kuvitazama. Walipopimwa baada ya dakika tano, walikumbuka zaidi vifungu walivyorudia kuvisoma. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: katika vifungu walivyojipima walikumbuka takriban asilimia 56 ya yaliyomo, na katika walivyorudia kuvisoma asilimia 42. Kilichokupata wewe ndicho hicho. Kusoma desa mara tatu kulikuzoesha sura ya maneno, na macho yakiona kitu yaliyokizoea humdanganya mwenyewe kwamba anakijua. Mtihani haukuulizi kama umewahi kuyaona maneno hayo, unakutaka uyatoe kichwani mwako na kuyapanga, na hilo hukulifanya hata mara moja kabla ya siku yenyewe.

Kwa hiyo nakupa jambo moja la kufanya, na naomba usiongeze la pili kwa sasa. Kila mhadhara unapomalizika, usirudi hosteli. Nenda moja kwa moja kwenye kimbweta kilicho karibu, yaani meza na viti vya kusomea vya nje, ukae, ufunge daftari, uchukue karatasi tupu na uandike kwa maneno yako kila unachokumbuka kutoka katika mhadhara huo. Dakika 15 zinatosha. Kisha fungua daftari, tazama ulichosahau na ulichokosea, ukiandike kwa kalamu ya rangi nyingine, na mwisho utunge maswali mawili au matatu ambayo wewe ungeyauliza kama ungekuwa mhadhiri. Maswali hayo yatunze. Jumamosi asubuhi yajibu tena bila daftari. Kama mihadhara miwili imefuatana, fanya kazi ya yote miwili baada ya wa pili. Saa hii fupi haitazijaza saa 20 nilizozitaja, lakini ndiyo itakayokuonyesha kila siku saa zilizobaki zitumike wapi, maana utakuwa unajua usichokijua tangu wiki ya pili badala ya wiki ya 15.

Nasisitiza mahali na wakati kwa sababu tabia hujengwa juu ya kitu ambacho tayari kipo. Ukijiambia kwamba utasoma zaidi muhula huu, maneno hayo hayana saa wala kiti, na jioni ikifika kila kitu kingine kitakuwa na haraka kuliko kusoma. Ukijiambia kwamba mhadhara wa Jumanne ukiisha saa nne utakwenda kimbwetani, kumalizika kwa mhadhara kunakuwa ndiyo kengele yako. Ukitangulia kwenda chumbani, kitanda kiko pale, simu iko kwenye chaji, na mwenzako wa chumbani ana habari mpya. Sikulaumu kwa kushindwa kutoka tena, kwani wachache sana wangeweza.

Utataka kujua itachukua muda gani mpaka jambo hili liwe jepesi. Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London, Uingereza, waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya ndogo ya kila siku, kama vile kula tunda wakati wa chakula cha mchana, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2010. Kwa wastani ilichukua siku 66 tabia kujiendesha yenyewe, lakini tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno, toka siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Ukianza wiki ya kwanza ya muhula, wiki ya tisa au ya kumi huenda ukajikuta miguu inakupeleka kimbwetani bila kujisukuma, na bado mitihani haijafika. Walionyesha pia kwamba kukosa siku moja hakuharibu kilichokwisha kujengwa. Ukiugua, ukisafiri kwa msiba, ukichoka siku moja, rudi kesho yake na uendelee pale ulipoachia, bila kujiadhibu na bila kufidia kwa kukesha.

Kuhusu sapu zako, omba ratiba yake mapema na uwaone wahadhiri wa kozi hizo mbili ofisini ukiwa na maswali yaliyoandikwa, kwani mhadhiri akimwona mwanafunzi amekuja na swali mahususi humsaidia kwa moyo. Pata mitihani ya miaka iliyopita, lakini usiisome kama desa. Keti, tazama saa, uifanye kama mtihani, kisha ndipo utafute majibu. Katika vyuo vyetu vingi alama za kazi za muhula huchukua asilimia 40 na mtihani wa mwisho asilimia 60, kwa hiyo muhula huu majaribio madogo ya wiki ya tano na ya tisa usiyachukulie kama mazoezi. Wala usivunjike moyo kwa kuona kwamba wastani wa shahada ya daraja la kwanza unaanzia 4.4 kati ya 5.0. Una mihula kadhaa mbele yako, na yote ina uzito.

SWALI: Mwalimu, mimi ni kijana wa mwaka wa pili, napanga geto Msewe, Dar es Salaam. Nikisaini bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, wiki ya tatu nimeshamaliza. Baada ya hapo naishi kwa kukopa, siku nyingine naruka mihadhara kwa kukosa nauli au kwa njaa. Nimejaribu kuweka mikeka, yaani kubashiri mechi, ili niongeze kidogo, lakini imenizidishia madeni. Najua hili si swali la masomo, ila naomba unisaidie.

JIBU: Mdogo wangu, hili ni swali la masomo kabisa. Mwanafunzi mwenye njaa hakai kimbwetani baada ya mhadhara, na anayemkwepa mdai wake hakai mstari wa mbele. Nimewaona wengi ambao kuanguka kwao darasani kulianzia mfukoni.

Tangu mwaka wa masomo 2022/23 kiwango cha juu cha fedha za chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ni shilingi 10,000 kwa siku. Anayepewa kiwango kamili kwa siku 60 anapokea shilingi 600,000 kwa mkupuo. Fedha hiyo ikiingia yote kwenye simu unayotembea nayo, kila rafiki, kila duka la nguo na kila kampuni ya kubashiri inakuwa karibu nayo kuliko wewe mwenyewe ulivyo karibu na siku ya 45. Jijengee desturi ya siku ya kusaini: siku hiyohiyo, kabla ya kununua chochote, lipa sehemu ya kodi, weka kando fedha za kutoa nakala na kuchapisha kazi, kisha kinachobaki kigawe kwa idadi ya wiki zilizobaki. Fungua akaunti ya benki ambayo haijaunganishwa na simu, uiache fedha humo, na kila Jumatatu asubuhi utoe fungu la wiki hiyo tu. Likiisha Ijumaa, utapata shida ya siku mbili, ambayo ni nafuu mno kuliko shida ya wiki tano. Wanaopanga jirani nawe nao wana tatizo lako. Mkichanga watatu au wanne mkanunua mchele, maharage, unga na mafuta kwa jumla na kupika kwa zamu, mtakula vizuri zaidi kwa fedha ndogo zaidi.

Juu ya mikeka nitasema wazi. Hesabu za michezo hiyo zimepangwa ili kampuni ibaki na faida baada ya wachezaji wote kulipwa, na hakuna ujuzi wa mpira unaobadilisha hilo. Fedha unayoiweka hapo si yako bado, ni mkopo, nawe utakapoajiriwa asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi itakatwa kila mwezi kuurejesha. Iondoe programu hiyo kwenye simu leo. Kama unaona huwezi kuacha hata ukitaka, nenda ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi ukaeleze. Hutakuwa wa kwanza kulipeleka jambo hilo pale, na lina msaada.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma mwaka wa kwanza Dodoma. Nilisoma shule ya msingi ya serikali na sekondari ya kata. Mihadhara ninaielewa nikiisikiliza kwa utulivu, lakini kwenye semina siwezi kufungua mdomo kwa Kiingereza. Katika kazi za kikundi wenzangu ndio wanaowasilisha, mimi jina langu linaandikwa tu. Naogopa nitamaliza chuo hivihivi.

JIBU: Marahaba. Mzigo ulioubeba ni wa maelfu ya vijana wetu, waliojifunza kwa Kiswahili hadi darasa la saba, kisha wakabadilishiwa lugha kidato cha kwanza kwa wiki chache za maandalizi. Naona uchungu kila ninaposikia kijana anayeielewa mada akihesabiwa kuwa mzito kwa sababu ya ulimi. Usikubali kuhesabiwa hivyo, wala usijihesabu hivyo mwenyewe.

Anza na kile ulicho nacho. Mada ya wiki ieleze kwanza kwa Kiswahili kwa mwenzako mmoja, mpaka aielewe bila kukuuliza tena. Ukiweza kufanya hivyo, mada hiyo unaijua, na kilichobaki ni maneno. Palepale andika sentensi tano za Kiingereza zinazosema jambo lilelile, kisha zisome kwa sauti. Si kwa kunong'ona, kwa sauti, kwa kuwa mdomo nao unahitaji kuzoea. Fanya hivyo kwa kila semina, siku moja kabla. Halafu ingia semina ukiwa na swali moja uliloliandika, na uliulize mapema, ikiwezekana katika dakika kumi za mwanzo, kwani kadiri unavyongoja ndivyo hofu inavyokua na ndivyo wengine wanavyolichukua swali lako. Swali moja kwa kila semina linatosha muhula huu. Ukilisoma kwenye karatasi hakuna ubaya wowote.

Kuhusu kikundi, siku mnapogawana kazi omba kuwasilisha utangulizi. Ni mfupi, hauna maswali mengi, na ukishausema unakuwa umesimama mbele ya darasa mara moja. Muhula ujao omba sehemu ya katikati. Wenzako wakikukatalia, mweleze kiongozi wa darasa kwamba unataka kushiriki, kwa sababu jina lililoandikwa bila kazi linakunyima wewe mafunzo na linawachosha wao.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mama mwenye mtoto wa kiume anayesoma chuo Arusha, nami naishi Mwanza. Nikiamka usiku wa manane naona yuko mtandaoni. Nikimuuliza kama anasoma anasema ndiyo. Sitaki kumfuatilia kama mtoto mdogo, lakini ada ninayolipa ni jasho la kuuza dagaa. Nimsaidieje?

JIBU: Hongera kwa jasho hilo, mama, na hongera pia kwa kutotaka kumfanya mtoto mdogo. Swali la kama anasoma lina jibu moja tu, ndiyo maana analitoa. Chagua siku na saa moja ya kumpigia kila wiki, tuseme Jumapili saa moja jioni, na umwombe akueleze jambo moja alilofundishwa wiki hiyo kwa namna ambayo wewe utalielewa. Usijali kama somo ni uhasibu au uhandisi, na uliza hadi uelewe. Wiki za mwanzo ataweza kubabaika. Lakini akijua kwamba Jumapili mama atauliza, ataanza kujiandaa, na katika kujiandaa atakuwa anajipima.

Simu usimkataze, maana hata matangazo ya darasa hupitia humo. Mwombe tu aiweke kwenye chaji mbali na kitanda ifikapo saa tano usiku, na atumie saa ya kawaida ya kengele kumwamsha. Kijana wa umri wa miaka 18 hadi 25 anashauriwa kulala kwa muda wa saa saba hadi tisa, na aliyelala kwa muda wa saa nne tu husikiliza mhadhara wa asubuhi kwa masikio tu. Fedha za matumizi nazo, ikiwa makato ya kutuma hayakuumizi, mtumie kidogokidogo kila wiki badala ya kumpa za muhula mzima.

Jambo la mwisho nakuomba ulitazame kwa jicho la mzazi. Kijana anayekesha mtandaoni huenda anacheza, lakini huenda pia halali kwa sababu ana wasiwasi, ameanguka mitihani na anaogopa kukwambia, au anaumwa. Ukiona amekuwa mkimya kuliko kawaida yake, hapokei simu mchana, hataki kuja likizo au hali vizuri, usianze kwa kumgombeza wala kumtajia ada. Mwambie kwamba matokeo yoyote atakayokuwa nayo mtayazungumza, kisha utafute namba ya ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi wa chuo chake na umwombe mmoja wao amwite wazungumze. Namba hiyo ni vyema uwe nayo tangu wiki hii.